Daraja la Kwanza Halikatwi

Jumatatu, 3 Novemba

Leo Ian amenikabidhi simu zote za kampuni. Zote! Ian ni meneja wetu, mtu mrefu, mpole, asiyejua lolote kuhusu simu ila kuzipokea. Amesema leo tunaanza majaribio ya mfumo mpya, na kwamba mimi, Evodius, ndiye nitakayepanga simu ya nani ina uzito kuliko ya nani. Nikamjibu nitajitahidi. Moyoni nilikuwa nacheza ngoma.

Kazi yenyewe ni hii. Kampuni yetu inatunza lifti za majengo. Mtu akikwama ndani ya lifti anabonyeza kitufe, na simu inaita chumba cha dharura, kwenye ofisi yetu ya Thamesmead. Zamani, kama mpokeaji anaongea na mtu mwingine, aliyekwama angoje. Sasa hapana. Kila simu inapewa daraja. La pili ni la waliokwama. La tatu, mafundi. La nne, mameneja na stoo. La tano, sisi akina yakhe. Simu ya daraja la juu ikiingia, ya chini inakatwa palepale, hata kama mlikuwa katikati ya neno. Mnasikia mlio mrefu kama wa birika linalochemka, basi, kwaheri. Madaraja yakilingana, hakuna anayemkata mwenzake. Na la kwanza? Ian amesema libaki tupu, la siku ya kiama. Kwa sasa tumeunganisha lifti za ofisi zetu tu. Za wateja zinabaki kwenye mfumo wa zamani mpaka tujiridhishe.

Na huko chumba cha dharura anapokea nani? Vaileth.

Niandike ukweli, daftari hili halisomwi na mtu. Mwezi wa nane nilipewa kazi ya kusikiliza simu zilizorekodiwa, nipime ubora wa sauti. Nikamsikia Vaileth akimtuliza bibi mmoja wa Kizungu aliyekwama ghorofa ya tisa. Maswali yao ni matatu, yamebandikwa ukutani. Uko jengo gani? Umeumia? Uko peke yako? Mwenzake, Leena, anayasoma kama orodha ya sokoni. Vaileth akifika hilo la tatu anashusha sauti, utadhani kweli anataka kujua. Rekodi ile niliirudia mara kumi na moja. Nina miaka sita London. Chumba Harrow, kazi Wembley, treni, chumba. Swali lile hakuna aliyewahi kuniuliza.

Nimeonana naye mara mbili, mlangoni mwa kanisa analosali Shangazi yangu huko Thamesmead. Mara zote mbili niliishia kumsifia koti. Ana kwa ana mimi si mtu. Kwenye simu mimi simba.

Ila vikwazo ni viwili. Kampuni inafungua ofisi Leeds na imemwomba Vaileth ahamie huko. Atatoa jibu Jumatano ya wiki ijayo, tarehe 12. Asipopata sababu ya kubaki, anaondoka. Hicho ni kimoja. Cha pili ni Godlisten.

Jumanne, 4 Novemba

Godlisten ndiye mtunza stoo. Stoo iko chini kabisa ya jengo letu, ambako simu ya mkononi haishiki mtandao. Ni mtu wa Machame. Vaileth naye wa Machame. Tangu wiki iliyopita, kila siku saa nne asubuhi, anapiga simu ya mezani ya Vaileth, namba 4410, wanaongea kilugha chao. Nimewasikia nilipoenda kuchukua waya. Mimi mtu wa Bukoba nitaelewa nini? Jana niliitazama taa ya 4410 kwenye kompyuta. Dakika ishirini na mbili! Ni nati gani ya lifti inayozungumzwa dakika ishirini na mbili?

Kwa hiyo leo mpango. Stoo ilipaswa kuwa daraja la nne. Kidole kikateleza, Godlisten akaangukia la tano. Simu yangu nikaipandisha la pili. Ni majaribio, na majaribio lazima yafanyike.

Saa nne na dakika tano taa ikawaka. Wameanza! Nikabonyeza 4410. Birika likalia, Godlisten nje! Nilirusha ngumi hewani kwa furaha, nikaangusha kikombe cha chai.

Nilikuwa nimeandaa sentensi ya kwanza, kwamba baridi ya mwaka huu imewahi. Nilichosahau ni kwamba simu ya daraja la pili inaingia kwa Vaileth na kengele ya dharura. Akapokea mbiombio, kwa Kiingereza, akiuliza niko jengo gani. Nikasema Wembley. Umeumia? Nikasema hapana. Uko peke yako? Nikasema ndiyo. Sauti ilinitoka nyembamba kama ya mtoto. Akauliza nimekwama ghorofa ya ngapi. Nikasema sijakwama, nipo mezani kwangu, ghorofa ya tano. Akaniambia kwa Kiswahili kwamba kama sijakwama na sijaumia basi hiyo si dharura, kaka Evodius, na kwamba analazimika kuandika ripoti. Akakata.

Saa nane Ian akaja na ripoti mkononi. Imeandikwa: mwanaume mmoja, hajaumia, yuko peke yake, mezani. Ian akafunga mlango, akaniuliza kama mambo yangu yako sawa. Akanipa kadi yenye namba ya mtu wa ushauri nasaha. Aibu gani hii!

Jumatano, 5 Novemba

Nimejishusha hadi daraja la tatu. Huko kengele ni ya kawaida.

Saa nne Godlisten akapiga. Saa nne na dakika tatu nikamkata. Vaileth akapokea, na safari hii hakuuliza kama nimeumia. Sasa, mtu wa kwetu haingii kwenye neno bila salamu. Nikaanza. Habari za asubuhi. Nzuri. Za kazi. Nzuri. Za nyumbani, za baridi, za kanisani, za mama. Nilipofika za mama, birika! Lifti ya jengo letu! Mlinzi wa mlangoni alikuwa anabonyeza kitufe cha dharura kila saa, na aliyemwagiza afanye hivyo kwa ajili ya majaribio ni mimi. Nimeshindwa hata kumkasirikia, mzee wa watu anatii kuliko mimi.

Mchana Godlisten mwenyewe akapanda hadi mezani kwangu. Akasema simu yake inaumwa. Nikasema nitaiangalia. Badala ya kuondoka akavuta kiti. Akauliza ukoo wetu ni upi huko Bukoba. Akauliza kama nasali. Kama nakunywa, na nikinywa huwa nafanyaje. Akauliza, jamani, kama nakoroma! Mtu anakuja kumpima adui yake waziwazi, bila haya. Nikaona nisionekane mnyonge. Nikamwambia sijawahi kukoroma maishani, na kwamba Bukoba kuna mwalimu mmoja, mrefu, mweupe wa meno, ananisubiri, ila mimi sina haraka. Godlisten akanywea. Akauliza kama nina uhakika. Nikasema uhakika mia kwa mia. Akaondoka ameinamisha kichwa. Kapata!

Jirani yangu wa Harrow hugonga ukuta nikikoroma, lakini Godlisten hahitaji kujua hilo.

Jioni fataki kila upande, ndiyo desturi ya Waingereza kila tarehe hii. Watu wametoka na watoto, wanainua shingo. Nimetazama dirishani na sahani ya wali mkononi. Nilitamani kuwe na mtu wa kumwambia ona ile ya kijani.

Ijumaa, 7 Novemba

Leo nimemkata Godlisten mara tatu. Saa nne na dakika mbili, saa nne na dakika tisa, saa nne na robo. Kila akirudi, namkata. Mara mbili za kwanza nilikata tu bila kusema neno, kwa raha ya kukata. Mara ya tatu nikaongea. Nikaruka salamu zote, nikauliza moja kwa moja hali yake. Nilijiona shujaa.

Vaileth akapumua kwa nguvu. Akasema kuna mtu anajaribu wiki nzima kumwambia neno la maana, na kila akilifikia simu inakatika. Akasema yeye ni mtu wa kungoja, lakini Jumatano anatakiwa kujibu habari ya Leeds, na angependa kulisikia neno hilo kabla hajajibu. Akaniomba, kaka Evodius, wewe ni fundi wa simu, tafadhali tutengenezee.

Kaka! Tafadhali! Nikasema nitatengeneza. Ningesema nini?

Basi anamtaka. Anataka kumsikia Godlisten mpaka mwisho. Nimerudi Harrow nimesimama kwenye treni ingawa viti vilikuwepo. Sikupika.

Jumapili, 9 Novemba

Mungu wangu. Mungu wangu! Niandike polepole.

Nimeenda Thamesmead kwa Shangazi Marcelina, ndugu wa marehemu baba, muuguzi, mwanamke asiyecheza na mtu. Huu ni mwezi wa senene, wale panzi wetu watamu, na kuna mgeni amefika kutoka Bukoba na mfuko mzima kwenye sanduku. Nikafungua mlango nikakutana na harufu ya senene wa kukaanga. Miaka sita sijaonja. Nilikaa, nikala, machozi yakanilengalenga. Nikasingizia pilipili.

Shangazi akaniacha nimalize sahani. Kisha akaniuliza, taratibu, mwalimu wa Bukoba ni nani.

Nikauliza mwalimu gani. Akasema mrefu, mweupe wa meno. Senene akanikwama kooni.

Kumbe Godlisten ni mshenga. Mshenga wangu! Shangazi ndiye aliyemtuma. Ameniona mara mbili mlangoni mwa kanisa nikisifia koti, akajua ninachokitaka na kwamba sitakaa nikiseme. Akatafuta mtu mzima, mwenye mke, anayejua kilugha cha nyumbani kwa binti, ili neno liende kwa heshima kabla ya kufikishwa kwa mjomba wake. Wiki ya kwanza mshenga alisalimia tu na kuuliza koo, kama inavyotakiwa. Wiki ya pili ndiyo alipaswa kulifungua neno. Wiki ya pili ndiyo hii niliyokuwa nakata!

Nikamuuliza Shangazi kwa nini hakuniambia. Akanijibu kwamba mimi tangu utotoni nikiambiwa jambo zuri naliharibu kwa kulisaidia. Akasema kwa kiherehere hiki, hata siku ya kuzikwa kwangu nitataka kushika jembe. Akasema Vaileth ameanza kuona kwamba neno linalokatwa kila mara pengine halina baraka. Na Godlisten, mtu mkweli, ameona lazima amweleze Vaileth pia habari za mwalimu.

Nilitaka ardhi inimeze pale kwenye zulia.

Shangazi ameomba nafasi ya mwisho. Jumatano saa tano asubuhi Godlisten atapiga, atasema neno lote, na Vaileth atajibu kabla ya kujibu habari ya Leeds. Mimi nimeagizwa kitu kimoja tu, nikae mbali na simu. Nimeapa. Ameniapisha mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama.

Jumatatu, 10 Novemba

Sikugusa simu asubuhi yote. Nilikaa nimekalia mikono.

Lakini nikawaza. Godlisten yuko daraja la tano. Fundi yeyote akipiga Jumatano saa tano, anamkata. Mlinzi akibonyeza kitufe, anamkata. Kumwacha hivyo nako si ni kumhujumu? Kiapo kilisema nikae mbali na simu. Hakikusema kompyuta.

Nimempandisha Godlisten hadi daraja la kwanza. Peke yake, juu ya kampuni nzima. Hakuna kitu chini ya jua kitakachomkata. Ian alipita nyuma yangu, akauliza ni nani huyo aliyeko la kwanza. Nikasema ni majaribio. Akaniuliza kama nimempigia yule wa ushauri nasaha.

Jumatano, 12 Novemba

Saa tano na dakika kumi na mbili asubuhi. Naandika nikiwa ndani ya lifti. Imekwama.

Nieleze. Saa tano kamili taa ya 4410 iliwaka, Godlisten ameanza. Nikashindwa kukaa. Sikutaka kugusa chochote, nilitaka tu nisimame nje ya mlango wa stoo, nisikie sauti yake, hata kwa Kimachame. Mtu hujua kwa sauti kama jambo linaenda vizuri. Nikaingia lifti kushuka. Kati ya ghorofa ya pili na ya kwanza ikatikisika, ikatulia. Kampuni ya lifti, na lifti yake yenyewe!

Simu ya mkononi haina mtandao humu. Nimebonyeza kitufe cha dharura. Mlio wa namba inayotumika. Leena yuko kwa daktari wa meno, kiti chake kitupu. Kwa Vaileth yuko Godlisten. Mimi daraja la pili, yeye la kwanza. Simkati.

Saa tano na nusu. Bado inatumika. Mshenga gani huyu anaongea hivi! Hapana, aongee. Aongee baba, aseme yote. Nimeupiga mlango teke, goti linauma.

Saa sita kasoro dakika kumi. Nimebonyeza kwa mara ya kumi na tisa. Imeita! Sauti yake ikajaa lifti nzima. Uko jengo gani? Nikasema Wembley. Akauliza kwa Kiswahili kama ni mimi tena, na kama nipo mezani. Nikasema hapana, safari hii nimekwama kweli. Umeumia? Nikasema goti, ila ni kosa langu. Halafu akashusha sauti, ileile.

Uko peke yako?

Nikasema ndiyo. Nikasema miaka sita sasa. Sikupanga kusema hivyo, limetoka lenyewe.

Nilisikia anavuta kiti. Akasema fundi yuko njiani, dakika ishirini, na kwamba kwa taratibu za kazi haruhusiwi kukata simu mpaka fundi afike. Dakika ishirini! Kwa amri ya kampuni! Nikaketi sakafuni, mgongo ukutani, nikasahau goti.

Aliniambia Shangazi amempelekea senene. Wa kwanza alimla amefumba macho. Kisha akala kumi na wanne. Akaniuliza habari ya mwalimu wa Bukoba. Nikasema hayupo, nilimtunga, nilidhani Godlisten ni mpinzani. Akacheka. Alicheka mpaka akaomba radhi, kwa sababu simu za dharura zinarekodiwa. Akasema Leeds wanangoja jibu lake saa nane. Akasema leo ndiyo mara ya kwanza amemsikia mshenga mpaka mwisho, na jibu alitaka kumpa yeye, lakini kwa kuwa mimi nimekwama na siwezi kukimbia, atanipa mwenyewe. Akasema, Evodius, mimi

Birika.

Saa kumi na moja jioni. Nipo Harrow, chumbani, goti limekataa kuingia kwenye bakuli la maji ya moto, nimelifunga kitambaa.

Fundi alinitoa saa sita na dakika tano. Ian alikuwa amesimama nje na blanketi. Nikashuka ngazi mbiombio, nikichechemea, hadi stoo. Godlisten alikuwa anarudisha mkono wa simu mahali pake, uso umejaa furaha. Akasema alishamaliza kila kitu, akakata, kisha akakumbuka jambo moja muhimu alilosahau, akapiga tena. Ameshangaa simu ilivyoingia upesi. Nikamuuliza jambo gani. Akasema alimwambia kwamba mimi sikoromi.

Nikakaa kwenye boksi la vipuri.

Godlisten akasema nisijali, nina ujumbe. Vaileth amesema jibu lake hatalitoa kwenye simu tena, simu za kampuni hii zina mashetani. Nimfuate mwenyewe kwa Shangazi, Jumamosi saa nane mchana, nikae kwenye kiti mbele yake, nisikie. Na nisizungumzie koti. Saa tisa Ian akasema, akipita tu, kwamba Leeds watalazimika kutafuta mtu mwingine. Nilimwomba arudie. Akarudia.

Nimefurahi mno. Lakini Jumamosi ni mbali sana, siku mbili nzima katikati, na ana kwa ana mimi si mtu. Na tena hakusema ni Jumamosi hii au ile nyingine. Si vizuri kuuliza? Ni adabu tu kuuliza.

Ian amechunguza orodha ya madaraja, akashika kichwa. Amebadilisha neno la siri la mfumo ili nisiingie tena peke yangu. Alisumbuka nalo sana, vidole vinene, ikabidi nimsaidie kulichapa. Basi kabla sijatoka nimemrudisha Godlisten la nne, mahali pake pa haki, na la kwanza nimejiandika mimi. Kesho saa tatu kamili nampigia Vaileth, nimuulize tu ni Jumamosi ipi.